Sarafu Isiyopimwa: Muuzaji Aseme Nini, Mnunuzi Alipie Nini

Jioni ya Jumapili kijana mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, alinitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ilionyesha kichwa cha mfalme George wa Sita, ya pili simba na milima nyuma yake, pamoja na mwaka 1952. Muuzaji alikuwa ameandika tangazo la mstari mmoja: "Shilingi ya fedha tupu, adimu sana, kama mpya, haijapimwa. Elfu nne." Kijana akaniuliza, "Mzee, ninunue?"

Nilimwambia asubiri kwanza. Tangazo lile lilikuwa na madai manne, na katika hayo manne niliweza kuamini moja tu: haijapimwa, yaani hakuna kampuni iliyoithibitisha na kuipa daraja. Kinachoniuma ni kwamba hilo ndilo neno ambalo wanunuzi wengi huliogopa, huku wakiyameza yale mengine matatu bila kuuliza.

Nimekusanya na kuuza sarafu hapa Nairobi kwa miaka mingi, na ninaona watu wakiumizwa pande zote mbili: mnunuzi anayelipia hadithi, na muuzaji mwaminifu asiyeaminiwa kwa sababu sarafu yake haina cheti. Chanzo ni maswali matatu ambayo watu huyafunga fundo moja. Je, sarafu hii ni halisi? Je, hali yake ikoje? Na je, ina thamani gani? Kila swali lina njia yake ya kujibiwa, na jibu la moja si jibu la jingine.

Kupimwa ni nini hasa? Mwaka 1949 Mmarekani aitwaye William Sheldon alitunga kipimo cha kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Moja ni sarafu iliyosagika hadi inatambulika kwa shida. Sabini ni ile isiyo na dosari hata ukiikuza kwa kioo. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika sokoni. Kipimo hicho kiliendelezwa, kisha zikaja kampuni za Marekani, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, ambazo hupokea sarafu, huthibitisha kwamba ni halisi, huipa daraja, na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Kwa hiyo kasha linajibu swali la kwanza na la pili. La tatu, la thamani, halijibu. Senti kumi yenye daraja la juu bado ni senti kumi, na kama zimejaa duniani, zimejaa tu.

Sasa fikiria mtu wa Kayole mwenye senti kumi ya mwaka 1936. Ili aipime lazima aitume ng'ambo, alipe ada ya upimaji, alipe usafirishaji na bima ya kwenda na kurudi. Gharama hiyo itaizidi bei ya sarafu mara nyingi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya sarafu zetu hazitapimwa kamwe, na wala si kwa sababu wenye nazo wanaficha kitu. Kutopimwa si doa. Maana yake ni kwamba kazi ya kuthibitisha haijafanywa na mtu wa tatu, kwa hiyo imebaki mikononi mwa wawili: anayeuza na anayenunua. Mzozo wote wa mtandaoni unahusu nani abebe sehemu gani ya kazi hiyo, na nani alipe ikikosewa.

Nirudi kwenye shilingi ya kijana wangu, maana ndiyo inayofundisha vizuri. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa pesa za huku enzi za ukoloni wa Waingereza, iliundwa London mwaka 1919, na shilingi ya simba ikaanza mwaka 1921. Kuanzia hapo hadi zile za mwaka 1946, shilingi hiyo ilikuwa na fedha asilimia 25 pekee. Sehemu nyingine ni madini ya bei ya chini. Zilizofuata, za mwaka 1948 hadi 1952, hazina fedha kabisa. Ni shaba na nikeli. Basi "fedha tupu" ni kosa mara mbili: ya 1952 haina fedha, na hata ya 1946 si tupu. Na usidhani mizani itakuokoa hapa, kwa sababu zote mbili zina uzito wa gramu 7.8 hivi. Kinachokuokoa ni kusoma mwaka. Ukitaka dalili nyingine, soma maandishi yanayomzunguka mfalme: zile za zamani humtaja pia kama mtawala wa India, na za kuanzia 1948 hazimtaji hivyo, kwa kuwa India ilijitawala mwaka 1947.

Je, muuzaji yule alidanganya? Sijui kilichokuwa moyoni mwake. Huenda aliona rangi nyeupe akadhani ni fedha. Lakini hapa ndipo ninapokuwa mkali: mtu anayeandika "fedha" akiweka bei ya fedha amechukua jukumu la kujua. Kama hajui, yapo maneno mepesi ya kusema hivyo. "Rangi yake nyeupe, madini sijathibitisha." Sentensi hiyo haina aibu yoyote. Itashusha bei, ndiyo, na inapaswa kuishusha, kwa sababu shaka ina gharama yake na mnunuzi hapaswi kuibeba peke yake bila kuambiwa.

Kuna udanganyifu mwingine ambao ndani yake hakuna neno hata moja la uongo. Chukua zile senti tano na senti kumi zenye tundu katikati, za mwaka 1936, zilizoandikwa jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alikaa kitini tangu Januari hadi Desemba mwaka huo kisha akajiuzulu, na Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa wananchi. Sarafu zetu za tundu hazina sura ya mfalme, zina jina tu, ndiyo maana ziliwahi kutengenezwa na kutumika. Muuzaji akiandika "sarafu ya mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja", amesema kweli tupu. Anachokiacha ni kwamba zilitengenezwa kwa mamilioni, na mpaka leo hukosi kuzikuta kwenye kopo la vifungo la nyanya yako. Historia yake ni ya ajabu kweli, nami huipenda na kuwasimulia watoto. Lakini historia adimu haiifanyi sarafu kuwa adimu.

Mfano mzito zaidi ni riale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha iliyozunguka Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu yote. Malkia huyo alifariki Novemba 1780, lakini biashara ya huku iliizoea sarafu yake kiasi kwamba viwanda viliendelea kuitengeneza kwa mwaka uleule wa 1780, si Vienna tu bali baadaye hata Roma, London na Bombay. Riale iliyoandikwa 1780 inaweza kuwa imepigwa karne ya ishirini. Ni halali na ni ya fedha nzuri, asilimia 83.3, uzito wake gramu 28 na kidogo. Anayeiuza kama kitu cha mwaka 1780 anauza miaka ambayo sarafu hiyo haikuishi. Mwaminifu huandika hivi: "Imeandikwa 1780, wakati halisi wa kutengenezwa haujulikani, huenda ni ya baadaye."

Riale hiyohiyo inafaa kuonyesha jinsi unavyoweza kujibu swali la uhalisi nyumbani bila kampuni yoyote. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu. Ikikupa gramu 24, mazungumzo yameisha. Ikikupa 28, weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sufuri, kisha funga sarafu kwa uzi mwembamba na uitumbukize ikining'inia, isiguse chini wala ukuta wa glasi. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa riale ya kweli itakuwa kati ya gramu 2.7 na 2.8. Kipande cha shaba nyeupe au shaba ya njano chenye uzito uleule wa 28 kina ujazo mkubwa zaidi, kwa hiyo kitasukuma maji mengi zaidi, gramu 3.1 hadi 3.3. Tofauti hiyo ndogo haiwezi kupakwa rangi wala kusuguliwa ikaondoka. Ongeza sumaku: fedha, shaba na dhahabu hazivutwi, kwa hiyo riale inayorukia sumaku ina chuma ndani. Kisha chukua kioo cha kukuzia na uangalie ukingo. Sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mstari wa kuungana na vitundu vidogo vya hewa, ambavyo sarafu iliyopigwa kiwandani haina.

Muuzaji anayejali anaweza kufanya haya kwa dakika kumi, apige picha ya mizani na kuiweka kwenye tangazo. Sioni sababu ya mtu anayeomba makumi ya maelfu kukataa kufanya hivyo.

Vipo vitu ambavyo mizani ya nyumbani haivitoshi, nami nisingegusa bila mtaalamu. Kimojawapo ni dhahabu ya Tabora ya mwaka 1916, rupia 15, yenye tembo mbele ya Mlima Kilimanjaro, ambayo Wajerumani waliitengeneza wakati wa vita walipozingirwa. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, na nakala zake za bandia ni nyingi. (Ni Wajerumani haohao waliotuachia neno "hela", kutoka heller yao.) Kwa sarafu ya namna hiyo, gharama ya kupima si kubwa ukilinganisha na bei, na muuzaji anayesema "sina muda wa kuipeleka" wakati anaomba mamia ya maelfu amekwisha kukujibu. Hata kasha lenyewe likague: makasha ya bandia yapo, kwa hiyo chukua namba iliyoandikwa juu yake, iingize kwenye tovuti ya kampuni, na ulinganishe picha ukiipata. Namba inaweza kunakiliwa. Mkwaruzo uliopo shavuni mwa mfalme ni vigumu kuunakili.

Swali la pili, la hali, ndilo lenye majeraha yangu mwenyewe. Nilipoanza nilikuwa na shilingi ya mwaka 1925 iliyokuwa nyeusi kwa umri. Niliisugua kwa dawa ya meno na kitambaa mpaka ikang'aa kama kijiko kipya, nikaiuza kwa mwalimu mmoja nikimwambia iko "kama mpya". Niliamini nilichosema. Baada ya miezi mwalimu alinirudia, akaniwekea kioo cha kukuzia mkononi na kusema, "Hebu tazama." Uso wote wa sarafu ulikuwa na mikwaruzo myembamba maelfu, inayokwenda upande mmoja, njia ya kitambaa changu. Mng'ao wa kiwandani hutokana na mistari midogo sana ambayo madini huacha yanapotanuka chini ya nyundo. Ukiinamisha sarafu chini ya taa, mwanga huzunguka kama mshale wa saa. Ukishaisugua, mistari hiyo imeondoka na hairudi. Kampuni za kupima hukataa kuipa daraja kamili sarafu kama hiyo na huiandika kuwa imesafishwa. Nilimrudishia mwalimu pesa zake. Sarafu ninayo hadi leo, na huwaonyesha wanaoanza.

Watu husema kizuri chajiuza, na kwenye sarafu methali hiyo imewaingiza wengi shimoni, kwa sababu kinachong'aa zaidi kwenye picha mara nyingi ndicho kilichoharibiwa. Muuzaji anayejua ameiosha aseme "imeoshwa". Asiyejua, maana alirithi au alinunua hivyo, aseme "sijaiosha mimi, kabla yangu sijui". Na picha zipigwe pande zote mbili pamoja na ukingo, mchana karibu na dirisha, na moja ikiwa imeinamishwa ili mwanga uteleze juu yake. Picha moja ya mbali yenye kivuli haitoshi. Nikiomba picha nyingine nikaambiwa "kamera yangu mbovu", najibu tu kwamba nitasubiri apate nzuri.

Kwa maneno ya hali, mimi huacha vifupisho vya kigeni kabisa kama sarafu haijapimwa. Daraja la namba ni kauli ya mpimaji. Mwenye sarafu akijipa mwenyewe 65 amevaa kofia isiyo yake. Eleza unachokiona: nywele za mfalme zinaonekana, taji limechakaa, kuna pigo ukingoni upande wa kulia, herufi zote zinasomeka. Mnunuzi atajipimia, na mkitofautiana mtatofautiana juu ya kitu ambacho wote mnakiona.

Wengi hudhani maneno "inauzwa kama ilivyo" yanafuta kila dhambi. Hayafuti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, sura ya 31, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ni kweli pia kwamba sheria hiyo haimbebi mnunuzi mgongoni: ukiikagua bidhaa kwa mkono wako, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionyesha. Lakini mnunuzi wa mtandaoni hajashika chochote. Ameshika maneno na picha za muuzaji. Kwa anayefanya biashara, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kudai kwamba bidhaa ina ubora au daraja ambalo haina. Na anayejua kuwa ni bandia akauza kama halisi ameingia kwenye kosa la jinai la kujipatia mali kwa udanganyifu. "Kama ilivyo" humlinda aliyesema yote anayoyajua. Aliyeficha halimfuniki.

Kuna sheria nyingine ambayo karibu hakuna anayeitaja. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Sarafu za Mombasa za mwaka 1888, zile za kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, zinaangukia humo. Ukipata mteja wa Ulaya anayetaka uzitie kwenye bahasha, uliza kwanza Makavazi ya Taifa. Na iliyochimbuliwa ardhini kwenye magofu ya pwani usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Pamoja na suala la sheria, aliyeing'oa pale ameharibu ushahidi wa mahali ilipolala.

Swali la thamani nitalipitia haraka, kwa kuwa lina kanuni moja: bei ni ile ambayo sarafu kama hiyo, ya hali kama hiyo, imelipiwa kweli. Bei zilizoandikwa kwenye matangazo ni maombi. Tafuta zilizouzwa. Hapa ndipo shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Rais Kibaki na kumbukumbu ya miaka arobaini ya uhuru, imewasumbua watu. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, na Desemba 2018 zikaja sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Wengi wakahisi kwamba zile za sura za marais sasa ni hazina. Lakini zilitolewa kwa matumizi ya kila siku, na bado zimo kwenye droo za watu mji mzima.

Hisia hiyo imezaa wizi unaomlenga muuzaji. Mtu anakupigia, "Mama, unayo ya Kibaki? Nakupa laki tano." Ukishangilia, anakueleza kwamba lazima kwanza ulipe ada ya usajili, au ya ukaguzi, elfu mbili na mia tano kwa M-Pesa. Kisha ada nyingine. Mama mmoja jirani yangu alilipa mara tatu kabla ya kuniambia, na alipokuwa akiniambia alikuwa ananong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mnunuzi wa kweli hakutozi chochote ili akulipe.

Kwa malipo, Nairobi imetupa bahati: wengi wetu tunaweza kukutana. Ninapendekeza mahali penye watu na mwanga, mkahawa wa katikati ya jiji au ukumbi wa benki, mchana. Njoo na mizani, sumaku na kioo. Kagua kwanza, lipa baadaye, na kabla ya kubonyeza hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la mtu aliye mbele yako. Kama sarafu inatoka Kisumu au Mombasa, kubalianeni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: siku ngapi za kurudisha, nani analipia usafiri, na kwa sababu zipi. Mimi hutoa siku saba, na kabla ya kutuma hupiga picha sarafu ikiwa juu ya mizani, kwa sababu wapo pia wanunuzi wanaorudisha sarafu nyingine. Uaminifu unadaiwa pande zote mbili.

Basi, kijana wa Umoja. Nilimwambia amwandikie muuzaji kwa heshima, bila kumwita mwizi, amweleze habari za mwaka 1948 na amwombe picha ya karibu. Muuzaji alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu tangazo lilikuwa limebadilika: "Shilingi 1952, shaba na nikeli, gramu 7.8, nadhani iliwahi kusuguliwa, haijapimwa. Mia tatu." Walikutana Moi Avenue, akailipia. Sasa ananisumbua nimtafutie ya 1946 aiweke kando yake, ili wadogo zake waguse zote mbili na kuulizwa ipi ina fedha.